Mama, Umegeuza Koti

Haya niliwaambia wahitimu wa ushonaji wa chuo kimoja hapa Dodoma. Waliokosa nafasi ndani, na waliokaa karibu na spika iliyokuwa ikikoroma, waliniomba maandishi. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimefuta tu pale nilipojirudia.

Mbukwenyi!

Nimewasalimu kwa Kigogo, wameitika wenyeji peke yao. Nyinyi mliohamia na wizara zenu mtajifunza taratibu, hatuna haraka nanyi.

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi, na nyinyi wahitimu mliokaa mbele. Nimetazama kola zenu kabla ya nyuso zenu, mnisamehe, ndiyo maradhi ya kazi hii. Kuna kola moja mstari wa pili imekaa kama imezaliwa pale. Kuna na zipu moja, sitasema ya nani.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie namna fundi anavyoweza kujiajiri. Nimeshona hapa mjini, Majengo, miaka ishirini na mbili na duka halijafungwa, kwa hiyo mawili matatu ninayo: mpe mteja siku ya kweli, usikate kitambaa cha harusi usiku, usimkopeshe nguo mtu anayehama mji. Basi, kujiajiri kumekwisha. Sasa niseme nililokuja nalo.

Mmeona nimeingia na koti mkononi kwenye joto hili, mkasema mama huyu katoka Njombe. Ni koti la mtumba, la kiume, la kijivu. Nililinunua soko la Sabasaba, hapahapa mjini, mwaka 2016 kwa shilingi 7,000 baada ya kubishana sana na kijana aliyetaka kumi. Bitana ilikuwa imechanika kwapani na mfuko mmoja ulikuwa umetoboka. Leo lina vipande kumi na saba vya kaniki nilivyovishona kwa mkono, na shanga ambazo sijazihesabu. Lilinichukua miaka mitatu. Haliuzwi, na niseme kweli, halijapendeza. Mwalimu wenu wa mitindo akiliweka kwenye mtihani mnifelishe.

Nitaanzia mbali kidogo.

Nilipokuwa na miaka sita mama alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, nami nikapelekwa kwa shangazi, kijiji kimoja upande wa Bahi. Shangazi aliishi kwenye tembe. Kwa mliozaliwa chini ya bati: tembe ni nyumba ya miti na udongo, paa lake nalo la udongo, limelala bapa, na ndani ni giza hata saa sita mchana. Mwanga unaingia mlangoni tu. Kwa hiyo kazi yoyote ya macho ilifanyiwa kizingitini, na kazi ya macho ya shangazi ilikuwa shanga. Alitunga za ngoma, za maharusi, za watoto wachanga. Alinyoosha miguu, akaweka sahani mapajani, shanga zikiwa ndani ya sahani, na hapo humtoi mpaka jua ligeuke.

Yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Naomba mlishike hilo, maana nitasema mengine juu yake na sitaki mumchukie. Alinifundisha kupitisha uzi kwenye nta ya nyuki usikatike. Alinifundisha kuikagua shanga tundu kabla ya rangi. Shanga yenye tundu la makali, alisema, inaula uzi polepole. Hutaona leo wala kesho. Utaona siku ya ngoma, mchezaji yuko katikati ya uwanja, ushanga unakatika na watu wote wanatazama.

Ile sahani ilikuwa ya kauri, nyeupe, ukingo wa buluu na maua matatu ya buluu katikati. Sisi tulikula kwenye mabakuli ya bati. Sahani ile haikuwahi kuona mlenda. Ilikuwa ya shanga.

Siku moja, nadhani nilikuwa na miaka saba, shangazi alinituma nimletee kizingitini. Ikapasuka mikononi mwangu. Sikuidondosha. Nililisema hilo siku ile na hakuna aliyenisikia: ilipasuka nikiwa nimeishika. Shanga zikamwagika vumbini, na mnalijua vumbi la kwetu, halirudishi kitu.

Hakunipiga. Alinitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekutajia siku ya mnada, "Wewe ni mkosi. Ndiyo maana mama yako alikukimbia." Kisha akaniambia niokote.

Niliokota mpaka jua likazama, mojamoja, nikizipuliza. Jioni ile watoto wa jirani walikuwa wameshalipata jina. "Mkosi, njoo tucheze." "Mkosi, mbuzi wenu wameingia shambani." Niliitwa hivyo miaka sita. Nikawa naitika.

Sasa, mtu akisikia uliumia utotoni anakutafuta kovu. Mimi sina la kumwonyesha. Sikuwahi kulala njaa peke yangu, ikiwepo njaa tulilala wote. Nilisomeshwa. Kwa hiyo nilikua nikijiambia sina haki ya kulalamika, wenzangu walichomwa mikono kwa kijiti cha moto, mimi nimeambiwa neno tu. Nawaambia nyinyi, hasa wazazi mliokaa nyuma: utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa 2011, ulikuta takriban kijana mmoja kati ya kila wanne alifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima kabla hajafika miaka 18. Kutukanwa, kuambiwa hapendwi, kutishiwa kuachwa. Mmoja kati ya wanne. Hesabuni mstari wenu wa viti, msitazamane.

Niliolewa, nikafungua duka, nikasahau. Ndivyo nilivyodhani. Mwaka huo wa 2016 binti yangu, ana miaka saba, akaangusha kopo la vifungo dukani. Vifungo vikatawanyika chini ya cherehani, chini ya kabati, hadi barazani. Nami nikasikia mtu anasema, "Mkosi mkubwa wewe." Niligeuka kutafuta nani kasema. Mteja aliyekuwa anapimwa kiuno alikuwa ananitazama mimi.

Binti yangu alikuwa ameshapiga magoti anaokota.

Jumapili yake nilikwenda Sabasaba nikanunua koti. Msiniulize kwa nini koti, na kwa nini la mwanaume. Nadhani nilitaka kitu kizito. Nikachukua kaniki iliyobaki kwa mteja, ile nyeusi ya bibi zetu, nikakata vipande. Kwenye kila kipande nikatarizi neno moja nililowahi kuambiwa. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Nikavishona upande wa ndani, juu ya bitana, nikapiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kushikilia tu, kisha mshono wa nyuma, mdogomdogo, pande zote nne. Jumapili baada ya Jumapili, chumba cha uani, nyumbani Nkuhungu, mume wangu akijua nashona oda.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya, na sitawadanganya kwamba unashika sindano unapona. Nilikosa usingizi. Nilimkaripia mtu aliyeleta suruali kupunguzwa urefu. Kuna neno moja nilitarizi nusu nikaliacha miezi minne. Lakini likatokea jambo ambalo sikulitegemea, na ni jambo la kifundi tu. Nilipokuwa natarizi "mkosi", herufi ya kwanza ilinishinda. M ya mkono ina vilima viwili, na kimoja kilikuwa kinapinda kila mara. Nikafumua, nikarudia. Nikafumua tena. Mara ya tano nikagundua kwamba kwa saa nzima nimekuwa nikiwaza kilima cha M. Neno lilikuwa limelala mbele yangu mezani kama kitambaa kingine chochote, lina kasoro, linarekebishika, na aliyekuwa na mkasi ni mimi.

Hilo ndilo nililopanda nalo hapa. Neno uliloambiwa ukiwa mtoto unalivaa siku zote, na kwa kuwa hulioni huna pa kulifungua vifungo. Ukilishona kwenye nguo, basi ni nguo. Unaivaa. Jioni unaivua, unaitundika msumarini, unakwenda kula.

Niliendelea. Ndani nikaweka maneno, nje nikaweka vitu: mlango wa tembe kwa shanga nyeupe, dumu la maji, mbuzi mmoja ambaye kila anayemwona anasema ni mbwa. Mgongoni nikaiweka sahani, ukingo wa buluu, maua matatu. Na hapa kwenye shanga niseme neno la historia. Karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi wa huku hawakumpitisha mtu bure. Walidai hongo. Mgeni rasmi, tulia, hongo ile ya zamani, ushuru wa njia. Ililipwa kwa vitambaa na kwa shanga. Bila shanga hunywi maji, hupiti. Nilipokuwa natunga ule ukingo wa sahani nilikuwa nawaza hilo: na mimi nalipa nipite kwenye nchi ya watu.

Siku nilipolimaliza nilipata matatizo. Maneno yaliyo ndani yalikuwa yanawasha. Mafundo ya uzi yalinisugua shingoni na mabegani. Fundi gani huyu hajui kuficha mafundo? Nilijua, ila niliyaacha. Basi nikaligeuza, ndani nje, nikalivaa hivyo, nikapanda daladala kwenda mjini. Kaniki nyeusi, uzi mweusi, hakuna aliyesoma kitu. Tulipofika karibu na stendi dada mmoja akaniinamia kwa heshima kabisa, "Mama, samahani, umegeuza koti."

Nikamwambia, "Najua, mwanangu."

Nilishuka nikiwa nacheka peke yangu. Nilikuwa nimepita mjini kati na kila nililowahi kuitwa likiwa mgongoni, wazi, mchana, na mji haukusimama.

Wengine mtasema haya ni mambo ya kigeni, ya watu wa sanaa. Basi mwulizeni bibi aliyekaa pale na kanga yake. Kanga ina pindo, ina mji, ile sehemu ya katikati, na ina jina, yale maandishi yake, na jina ndilo linalonunuliwa. Mwanamke wa Pwani akishindwa kumwambia jirani yake kitu anakwenda dukani anatafuta kanga inayokisema, anajifunga, anapita mbele ya dirisha mara tatu. "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." "Usisafirie nyota ya mwenzio." Ugomvi mzima umepita na mdomo haujafunguliwa. Ni ufundi mkubwa na nauheshimu. Ila kanga inamwelekea mwingine. Na kiwanda kinachapa yanayouzika. Hakitachapa kile ambacho mlezi wako alikuambia wewe peke yako mbele ya kizingiti, mwaka ule. Hilo utalitarizi mwenyewe.

Na huko nje wapo waliofanya bila kufundishwa na mtu. Ujerumani alikuwepo mshonaji, fundi kama nyinyi, Agnes Richter, aliyezaliwa 1844 na kufa 1918. Alifungiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko, miaka ya 1890, akajishonea koti dogo kutoka kitambaa cha hospitali na kulitarizi maandishi, nje na ndani, mistari juu ya mistari, mengine mpaka leo hayasomeki. Koti hilo limehifadhiwa Heidelberg, kwenye mkusanyiko wa kazi za wagonjwa alioukusanya daktari Hans Prinzhorn. Nilipoliona kwenye picha niliangalia mikono yake kwanza. Imeshonwa kufuata kiwiko chake, imejikunja kama bado ana mkono ndani.

Brazil alikuwepo Arthur Bispo do Rosário, aliyeishi miongo mingi kwenye hospitali ya namna hiyo jijini Rio de Janeiro mpaka alipofariki mwaka 1989. Huyu hakuwa na uzi. Akawa anafumua sare za buluu za hospitali, anapata nyuzi, anatarizi. Joho lake kubwa lina majina ya watu upande wa ndani, na alisema atalivaa siku ya kusimama mbele za Mungu. Nyinyi mnaolalamika kwamba uzi wa kutarizi umepanda bei, mfikirieni Bispo.

Kisha kuna watu wa vipimo. Mwaka uleule niliponunua koti, 2016, mtafiti Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha jaribio lao. Watu wazima 39, dakika 45 za kutengeneza chochote wanachotaka kwa udongo, kalamu za rangi na vipande vya karatasi. Wakawapima mate kabla na baada, kutafuta kotisoli, ile homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Kwa kama robo tatu yao ilishuka. Na haikujali kama mtu ni msanii au hajawahi kushika rangi. Mimi nalichukua kwa kiasi chake: ni watu wachache, wenye afya, kikao kimoja. Halikunishangaza, lakini nilifurahi kwamba kuna aliyepima kile ambacho shangazi alikuwa anakifanya kizingitini. Akiudhika na mtu alikuwa anakwenda kwenye shanga, akirudi anaongea taratibu.

Hapa nitamke kitu bila kuzunguka. Sindano ina mpaka wake. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyopo tangu miaka ya 1920, na sisi wenyeji ndio tuliolifanya jina lake kuwa tusi. Mtu akivaa soksi mbili tofauti, "mpelekeni Mirembe." Na mimi nimesema hivyo, tena nikiwa na koti hili begani. Ukiona usingizi umekukimbia wiki kwa wiki, au unawaza kufa, au ukianza kushona yanakuja mambo ambayo mwili mzima unatetemeka, weka sindano chini uende kwa wataalamu. Nenda hata na kazi yako mkononi. Na ukimjua mtoto anayeumizwa sasa hivi, usimpe shanga. Piga 116, ni bure, ni simu ya huduma kwa mtoto. Tuliokwisha kuwa watu wazima ndio wa kutarizi. Mtoto anatakiwa atolewe kwenye vumbi kwanza.

Tangu 2019 Jumamosi jioni nafungua duka kwa wanaotaka. Wanakuja sita, wakati mwingine kumi na mmoja, wakati mwingine mmoja na mvua. Sina mtaala. Nina makatazo. Hatuulizani "hii maana yake nini." Hatusifii, kwa sababu ukisifiwa utaanza kushona kwa ajili ya sifa. Hakuna kumtaja mzazi kwa jina, siyo kwamba wazazi hawakosei, msemo huo umeua wengi, ila duka lina ukuta mwembamba na Majengo ina masikio. Na hakuna kuuza kitu kabla hakijamaliza mwaka.

Hilo la mwisho ndilo linalonigombanisha na watu. Mwaka juzi mama mmoja wa ofisi kubwa aliona kizibao cha binti wa Jumamosi, akataka kukinunua kwa laki mbili, papo hapo, keshi. Binti ana kodi ya nyumba. Nikasema hapana kabla binti hajafungua mdomo, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Alininunia mwezi mzima. Kodi nilimlipia nusu, ikawa kama naficha aibu. Kwa hiyo katazo hilo nalitaja, ila msilichukue kama amri. Nyinyi mtakuwa na maduka yenu.

Kuna kijana mmoja wa bodaboda. Alikuja kwanza kurekebishiwa reflekta, ile fulana ya kung'aa, ilichanika begani. Akakaa kusubiri, ilikuwa Jumamosi, akaona wenzake wanashona kimya. Wiki iliyofuata akaja na shati la shule ya msingi, jeupe lililokwisha kuwa la manjano, dogo kama la mwanasesere. Hajui kushika sindano. Alijichoma vidole mpaka nikampa kastabini, ile kofia ya kidole. Akaukata mfuko wa shati lile, akaushona juu ya reflekta, upande wa moyo, kwa uzi mwekundu, mishono mirefu kama ya gunia. Alitumia Jumamosi tatu kwa mfuko mmoja. Nilidhani atauacha wazi juu aweke simu. Hapana. Akaushona pande zote nne. Mfuko hauna mdomo.

Kuna kitu ndani, kikaratasi, ukikaa nyuma yake kwenye pikipiki upepo ukipiga unakisikia. Sijamwuliza. Ananibeba kila siku kwenda dukani na sijamwuliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa, naiona. Nina moja tu.

Mwaka jana shangazi aliletwa mjini kutibiwa macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akafikia kwangu. Ni bikizee sasa, mwembamba, na ingawa nyumba yangu ina madirisha manne na umeme, alikwenda kukaa kizingitini, miguu ameinyoosha. Nikamwacha. Nilikuwa sebuleni napandisha pindo la gauni la mteja. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, kama kawaida yake, na upepo wa alasiri ukalisukuma likamgusa kichwani.

Akalivuta. Akaliweka mapajani. Vidole vyake vikaanza kwenda, nami nikaacha kushona. Alipita kwenye mlango wa tembe, akapita kwenye mbuzi, akaguna, "Mbwa huyu wa nani?" Akaligeuza, akapita kwenye kaniki upande wa ndani, polepole, herufi kwa herufi, lakini shangazi hakusoma, kwa hiyo kwake yalikuwa matuta tu ya uzi. "Mafundo haya umeyaacha kwa nini? Sikukufundisha hivi." Nikasema nimekosea, shangazi.

Akafika mgongoni. Kidole kikaingia kwenye ukingo wa buluu kikazunguka, mzunguko mzima. Kikaingia ndani kikakuta ua moja, la pili, la tatu. Kikarudi ukingoni.

"Hii ni sahani," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

Akakaa kimya muda mrefu. Nje palikuwa na muuza maji anapita, magurudumu ya mkokoteni yake yanalia.

"Niliinunua mnadani," akasema. "Ilikuwa na ufa. Yule bwana alinipunguzia bei kwa ajili ya ufa."

Sikujibu. Nilikuwa na pini nne mdomoni, nikajificha nyuma ya pini. Naye hakuongeza neno. Baadaye akauliza kama kuna chai.

Haya. Binti wa kola nzuri, pokea koti, mpitishie mwenzako, lifike mpaka nyuma kwa wazazi. Lishikeni, ligeuzeni. Mkifika mgongoni mtakuta mstari mwembamba wa uzi mweusi umekata katikati ya maua kutoka ukingo mpaka ukingo. Huo ni wa mwaka jana. Na mikono iwe safi tafadhali, nimeona sambusa zimepita.